Bangi, Wazimu na Safu Isiyoruhusiwa Kubaki Tupu

Mtu akisema jambo lisilo kichwa wala miguu, Waswahili humuuliza: "Wewe, umevuta bangi nini?" Anayeuliza hasubiri jibu. Swali lenyewe ni hukumu: maneno yako hayafai kujibiwa, kwa kuwa aliyesema si wewe, ni moshi. Kijiweni huo ni utani tu, na hauna ubaya. Lakini hukumu hiyohiyo hupanda ngazi ikaingia wodini. Kijana analetwa na ndugu zake amefungwa kamba, anajibizana na sauti anazozisikia peke yake. Mhudumu anauliza kama huwa anavuta, mama anainamisha kichwa, na jalada linaandikwa "bangi". Tangu hapo uchunguzi umekwisha. Hoja yangu ni kwamba uhusiano wa bangi na maradhi ya akili upo kweli, tena ushahidi wake ni mzito kuliko watetezi wa mmea huu wanavyokiri. Ila neno hilo moja jaladani halituelezi uhusiano huo, na aghalabu linauficha.

Kosa hili lina umri mkubwa. Mwaka 1893, baada ya suala la bangi kuibuka katika Bunge la Uingereza, serikali ya kikoloni ya India iliunda tume ya kulichunguza. (India ndiko neno letu lilikotoka, "bhang" ya Kihindi ilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi kama zilivyokuja chapati na achari.) Tume ilihoji mashahidi 1,193 na kutoa ripoti mwaka uliofuata. Sehemu yake ninayoiona bora ni ile ambayo wasomaji wengi huiruka: makamishna hawakuridhika na takwimu za hospitali za vichaa, wakaamua kurudi nyuma kesi kwa kesi. Wakakuta kwamba fomu ya kumpokea mgonjwa ilikuwa na safu ya chanzo cha ugonjwa, kwamba safu hiyo ilibidi ijazwe, na kwamba mara nyingi aliyeijaza hakuwa daktari. Alikuwa polisi au hakimu aliyempeleka mgonjwa huko, mtu ambaye hakumjua jana wala juzi. Akisikia tetesi kwamba jamaa alikuwa mvutaji, aliandika bangi. Wino wake ukajumlishwa makao makuu, ukageuka takwimu, na takwimu ikarudi kwa polisi yuleyule kama elimu. Kesi zilipochunguzwa upya, nyingi zilipoteza mashiko. Hata hivyo tume haikuusafisha mmea. Ilikubali kwamba matumizi ya kupindukia yaweza kumvuruga mtu akili, hasa yule ambaye tayari hakuwa imara.

Kwa nini basi jani liwe na uwezo wa kugusa akili? Mwaka 1964, huko Israel, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga tetrahidrokanabinoli, kwa kifupi THC, na kuueleza muundo wake. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyejua inafanyaje kazi. Wengi walidhani inalainisha tu utando wa seli. Mwaka 1988, Allyn Howlett na William Devane walionyesha kwamba ubongo una vipokezi mahsusi vinavyoipokea. Swali lililofuata lilikuwa zito zaidi, maana mwili hauchongi kufuli kwa ajili ya ufunguo wa kondeni. Mwaka 1992 maabara ya Mechoulam ilipata jibu: mwili wenyewe hutengeneza dutu inayoingia katika kufuli lilelile. Wakaiita anandamidi, kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu.

Dutu za jamii hiyo zina kazi ya ajabu kidogo. Kwa kawaida seli moja ya neva hutuma ujumbe na nyingine hupokea. Hizi huenda kinyume: seli inayopokea, ikiona ujumbe umezidi, hurudisha dutu hizi nyuma kwa mtumaji kumwambia, yatosha, punguza. Hutengenezwa palepale zinapohitajika, kwa kiasi kidogo, kisha huvunjwa upesi. Fikiria shule yenye vyumba 30, kila mwalimu akinyamazisha darasa lake pale kelele inapozidi. THC ni mtu aliyeshika kipaza sauti cha shule nzima na kuamuru ukimya kila mahali kwa saa kadhaa, pamoja na darasa lililokuwa katikati ya mtihani wa kusoma kwa sauti.

Ukijua vipokezi hivyo vimejaa wapi, karibu kila kioja cha mvutaji kinapata maelezo. Vimejaa katika hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya, ndiyo maana anaanza sentensi asijue ataimaliziaje. Vimejaa katika ubongo wa nyuma unaopanga mwendo na muda, ndiyo maana hatua zinamchanganya na dakika tano zinakuwa nusu saa. Vipo katika sehemu inayosimamia njaa, naye anamaliza sufuria ya ugali mkavu. Vipo katika amigdala, inayopima hatari, na hapo ndipo wawili waliovuta msokoto mmoja huachana njia: mmoja anatulia kama maji mtungini, mwenzake anaamini bodaboda iliyosimama nje imemfuata yeye. Kwenye shina la ubongo linaloongoza pumzi, vipokezi ni vichache sana. Hii ndiyo sababu bangi haimzimi mtu pumzi kama heroini. Wanaoutumia ukweli huu kama cheti cha usalama wakumbuke moyo: baada ya kuvuta, mapigo yaweza kuongezeka kwa 20 hadi 50 kwa dakika, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba hana akiba ya kuyalipia.

Anayetaka kujua mfumo huu unabeba nini aitazame dawa iliyojaribu kuufunga. Rimonabant iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006 kama kidonge cha kupunguza unene. Ilizuia vipokezi hivyo, na njaa ikapungua kweli. Mwaka 2008 ilisimamishwa, kwa kuwa baadhi ya watumiaji walizama katika sonona, wengine hadi kuwaza kujiua.

Njia ya kuingia nayo ina neno. Moshi hufika ubongoni kwa dakika chache, hivyo mvutaji hujipima mwenyewe. Bangi ya kula hupitia ini kwanza, nalo huigeuza THC kuwa kemikali nyingine yenye nguvu pia, na athari huchelewa nusu saa hadi saa mbili. Aliyekula biskuti akaona kimya, akaongeza ya pili, atakutana na zote mbili kwa pamoja.

Sasa turudi kwa kijana wa kamba. Ushahidi mkubwa wa kwanza ulitoka Sweden mwaka 1987. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka 15 vijana 45,570 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Waliosema wamewahi kutumia bangi zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara sita zaidi ya wasioitumia. Mambo mengine ya maisha yao yalipoingizwa katika hesabu, tofauti ilipungua sana, lakini haikufutika. Mwaka 2019, Marta Di Forti na wenzake walichapisha utafiti wa vituo 11, karibu vyote vya Ulaya. Waliovuta kila siku walikuwa na uwezekano wa mara tatu zaidi wa kupatwa na saikosisi, yaani hali ya kupoteza mguso na uhalisia. Waliovuta kila siku aina yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, karibu mara tano. Kwa hiyo neno "bangi" pekee si kipimo. Msokoto wa jani la kawaida na skanka inayouzwa sasa mijini vina jina moja kama togwa na gongo zingeitwa zote "kinywaji".

Mara tano ya nini, lakini? Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya 300 anaishi na skizofrenia. Ongezeko la mara tano bado linawaacha wavutaji wengi mno bila ugonjwa huo, na wagonjwa wengi hawajawahi kugusa msokoto. Mbegu ya ukoo nayo ina uzito mkubwa, na wapo wanaoanza kuvuta kwa sababu dalili za mwanzo zimeshawatesa na wanatafuta nafuu. Kinachonishawishi kwamba si hayo tu ni umri. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni, na walioanza kuvuta kufikia miaka 15 ndio walioonyesha zaidi dalili za jamii ya skizofrenia walipofika 26. Gamba la mbele la ubongo, lenye kazi ya kupima na kuzuia, huendelea kujengwa hadi miaka ya ishirini na kitu, na vipokezi tunavyovizungumzia ni miongoni mwa mafundi wa ujenzi huo. (Dai maarufu kutoka Dunedin hiyohiyo, kwamba bangi hushusha akili kwa pointi nane, siliegemei, uchunguzi wa mapacha wa mwaka 2016 haukuliunga mkono.)

Jalada linalofaa, basi, lingeuliza alianza na miaka mingapi, anavuta mara ngapi kwa wiki, ni jani au skanka, nani mwingine katika ukoo amewahi kuugua, na dalili zilitangulia au zilifuata. Maswali matano, dakika kumi.

Na kuna wodi ambako neno "bangi" halitamkwi kabisa. Mwaka 2004 madaktari wa Australia walieleza hali ya wavutaji wa miaka mingi wanaotapika kwa vipindi, siku nzima, bila dawa ya kichefuchefu kuwasaidia. Nafuu yao moja ni kuoga maji ya moto, na wengine huoga mara kumi kwa siku. Huku kwetu mgonjwa wa namna hiyo hatasema anavuta, akijua sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 au ya Kenya ya mwaka 1994 inamsubiri mlangoni. Atapimwa malaria, atapewa dawa za vidonda vya tumbo, atarudi mwezi ujao na mke wake. Mke ndiye atakayelalamika kwamba mkaa unaisha kwa kuchemsha maji ya mtu mmoja.