Masomo ya Mbali na Kitanda cha Mgonjwa

Mwaka 2005 Baraza la Wauguzi la Kenya lilikabiliwa na hesabu iliyokataa kutatuliwa kwa njia za desturi. Wauguzi wenye cheti, walio katika daraja ya chini ya kazi hiyo, walikuwa yapata 22,000, nao ndio walioibeba sehemu kubwa ya kazi katika zahanati na hospitali za wilaya. Ilitakiwa wapandishwe elimu hadi stashahada, kwa kuwa maradhi waliyoyakuta kazini, UKIMWI mbele ya yote, yalikuwa yamekwisha kuyapita mbali mafunzo waliyoyapata ujanani. Desturi ilikuwa kumtoa muuguzi kazini, kumpeleka chuo cha bweni, na kumrudisha baada ya kuhitimu. Walakini nafasi za vyuo zilikuwa chache mno mbele ya halaiki hiyo. Na hata kama zingalipatikana zote kwa siku moja, ni nani angalibaki wodini?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, na aghalabu husahauliwa na wanaosimulia historia ya mafundisho ya mtandao. Wao husimulia kana kwamba kompyuta iliingia katika elimu ya utabibu kwa ajili ya upya na wepesi wake. Katika vyuo vyenye mali huenda ikawa hivyo. Nchini Kenya sababu ilikuwa nyingine: darasa lenyewe lilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mgonjwa aliyeachwa bila mtu wa kumwangalia.

Mgawanyo wa wauguzi katika daraja mbili haukuzaliwa Kenya. Ulirithiwa kutoka Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1943 iliweka orodha ya pili, ya wauguzi wasaidizi, chini ya wale waliosajiliwa kwa mafunzo kamili. Nchi iliyoukopesha mgawanyo huo iliuacha kabla ya mwisho wa karne. Nchi zilizoukopa zikabaki na maelfu ya watu wenye uzoefu mwingi na cheti kidogo.

Ili kuelewa ugumu wa kuwafundisha watu hao kwa mbali, yafaa kurudi nyuma kidogo, kwa maana mvutano kati ya mhadhara na kitanda ni wa kale kuliko kompyuta. Huko Leiden, Uholanzi, tangu mwaka 1714, Herman Boerhaave aliwapeleka wanafunzi wake katika wodi ndogo yenye vitanda 12, sita vya wanaume na sita vya wanawake, akawafundisha mbele ya wagonjwa wenyewe. Vitanda hivyo 12 vilimpa sifa Ulaya nzima. Hata hivyo, karibu miaka 200 baadaye, Abraham Flexner, ambaye hakuwa tabibu bali mwalimu, alizitembelea shule 155 za utabibu za Marekani na Kanada, na katika taarifa yake ya mwaka 1910 akaonyesha kwamba nyingi zilitoa matabibu waliosikia mengi na kugusa machache. Mhadhara ni rahisi kuuzwa. Kitanda hakiuziki kwa wepesi huo.

Kompyuta ilipofika, ilifika kwanza mikononi mwa wauguzi, jambo ambalo wengi hawalijui. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 1960, Donald Bitzer na wenzake walianza kuunda mtambo wa kufundishia uliopewa jina la PLATO. Mkewe, Maryann Bitzer, alikuwa muuguzi, na mapema katika miaka hiyo ya 1960 aliutumia mtambo huo kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi wa hospitali ya Mercy mjini Urbana. Mwanafunzi aliwekwa mbele ya mgonjwa wa moyo asiyekuwapo: akauliza, akachagua la kumtendea, akaonyeshwa matokeo. Hapana aliyedhurika kwa kosa lake. Hiyo ndiyo fadhila kubwa ya mgonjwa wa kioo, nayo si ndogo. Lakini mgonjwa huyo hakutoka jasho, hakuogopa, wala hakuwa na mama aliyeketi kando akiuliza maswali.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na mapokeo yake ya kufundisha kwa mbali. Shirika la Madaktari Warukao, lililoanzishwa mwaka 1957 na Michael Wood na madaktari wenzake wawili wa upasuaji, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la AMREF, liliziunganisha hospitali za mbali na Nairobi kwa simu za upepo katika miaka ya 1960. Mganga aliyekuwa peke yake huko nyikani aliweza kueleza dalili na kupewa shauri. Katika miaka ya 1980 shirika hilo lilikuwa likiwafundisha watumishi wa afya kwa njia ya posta: somo likitumwa katika bahasha, majibu yakirudi katika bahasha. Posta ilikuwa polepole, lakini ilimkuta mtumishi pale pale alipohitajika.

Basi mpango wa mwaka 2005, uliofanywa na Baraza la Wauguzi pamoja na AMREF na kampuni ya Accenture, ulikuwa mtoto wa bahasha zile zaidi ya kuwa mgeni kutoka ng'ambo. Masomo ya nadharia yaliwekwa katika kompyuta, na kompyuta zikapelekwa katika vituo ambavyo kwa miaka michache vilizidi 100, vingi vyao ndani ya hospitali. Mahali ambapo mtandao haukufika, somo lilibebwa katika sahani za CD. Ikumbukwe kwamba nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitia nanga Mombasa mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, iliyo ghali na nzito. Pamoja na hayo yalikuwapo mafundisho ya ana kwa ana na mazoezi ya wodini chini ya wasimamizi.

Mpango huu wapaswa kusifiwa, lakini si bila kutaja aliyeubeba. Wengi wa wauguzi hao ni wanawake. Mzigo ulioondolewa kwa mgonjwa haukutoweka; ulihamia kwa mwanamke aliyemaliza zamu ya usiku, akaketi mbele ya kompyuta saa moja asubuhi, kisha akaenda nyumbani kupika. Hesabu za mafanikio huwataja waliohitimu. Saa za usingizi hazimo katika hesabu hizo. Yeyote atakayeandika historia kamili ya jambo hili hana budi kuzitafuta kwa wenyewe, kabla hawajastaafu wote.

Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mambo yaligeuka. Tarehe 17 ya mwezi huo jumuiya ya vyuo vya utabibu vya Marekani ilishauri kwamba wanafunzi watolewe kwa muda kwa wagonjwa, na katika mwezi huo huo vyuo vya Kenya na Tanzania vilifungwa. Mahali penye mitambo, mihadhara ilihamia mtandaoni kwa siku chache. Kuzalisha, kushona jeraha, kutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji, hayo yalingoja milango ifunguliwe. Muuguzi wa mwaka 2005 alikuwa na wodi akatafuta somo; mwanafunzi wa mwaka 2020 alikuwa na somo, na wodi ikafungwa mbele yake. Na katika miezi hiyo, mlangoni mwa wodi nyingi za Kenya, aliyekuwa zamu ni yule yule aliyesomea stashahada yake baada ya kazi ya usiku.