Leseni ndogo ya madini: Unapewa mawe, shamba hupewi

Stori ni ile ile. Kijana anapata fununu kuwa kilima fulani kina dhahabu. Anajichanga, anaomba leseni mtandaoni, analipa, inatoka. Anafika na wenzake na sururu begani, anakuta mzee kapanda mihogo na anataka kujua nani kawaruhusu. Leseni ipo mkononi, lakini siku hiyo hakuna anayechimba.

Kinachowakwamisha wengi ni kuchanganya vitu viwili. Kwa Sheria ya Madini ya 2010, madini yote Tanzania ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya kitanda chako. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi nayo ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Ila juu ya hiyo ardhi ya umma kuna watu wenye haki ya kuitumia: wanakijiji, wenye hati, mamlaka za hifadhi. Leseni inakupa haki ya kilicho chini. Juu, unatakiwa uelewane na uliyemkuta.

Nani anapata

Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo machimboni wanaiita PML, ni ya Mtanzania tu. Awe na miaka 18 au zaidi. Kikundi kinaweza kuomba, na kampuni pia, mradi wenye hisa wote wawe Watanzania. Inadumu miaka 7 na inahuishwa. Eneo lisizidi hekta 10, na kwa madini ya ujenzi kama mchanga na kokoto lisizidi hekta 5.

Maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa Tume ya Madini. Unahitaji kitambulisho, namba ya TIN na koodineti za kona za eneo.

Hizo koodineti ndizo zinazoliza watu. Simu nyingi zinasoma kwa mfumo wa WGS 84, wakati ramani za leseni kwa miaka mingi zimetumia Arc 1960. Namba zinafanana kwa macho, lakini ardhini tofauti yake inafika karibu mita 300. Sasa piga hesabu: hekta 10 zikiwa mraba, kila upande una kama mita 316. Ukikosea mfumo, unaweza kulipia eneo la jirani huku dhahabu yako ikibaki nje ya mpaka. Kabla ya kujaza chochote, pita ofisi ya Afisa Madini Mkazi uulize wanatumia mfumo gani, na angalia kwenye ramani kama eneo liko wazi. Likiwa ndani ya leseni ya mtu mwingine, hupati. Watu wawili wakiomba sehemu moja, aliyewahi anatangulia. Ndiyo maana wazoefu hawapigi kelele kijijini kabla maombi hayajaingia.

Huku juu sasa

Leseni imetoka. Sheria inataka ridhaa ya maandishi ya mwenye eneo kama unataka kuchimba ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya mtu, mita 50 kutoka shamba lenye mazao au lililoandaliwa kulimwa, au mita 100 kutoka bwawa, lambo au josho. Kwenye makaburi au hifadhi ya msitu, kibali kinatoka kwa mamlaka inayohusika. Hifadhi za taifa hata usijaribu.

Neno la kuzingatia hapo ni "maandishi". Kukubaliana kwa mdomo chini ya mwembe hakutoshi, maana bei ya mawe ikipanda, kumbukumbu za watu nazo zinabadilika. Andikeni mbele ya serikali ya kijiji, muhuri upigwe. Mazao, miti na majengo yahesabiwe na yapigwe picha kabla ya shimo la kwanza, kwa sababu mwenye shamba ana haki ya fidia ya haki kwa kila kitakachoharibika. Wapo wanaokubaliana kulipana kwa mgawo wa mifuko ya mawe. Basi idadi ya mifuko iandikwe, na nani anahesabu. Mwenye shamba akigoma bila sababu ya msingi, suala linaweza kupelekwa kwenye mamlaka ya madini.

Kabla ya kuanza kazi kunatakiwa pia mpango wa utunzaji wa mazingira: maji machafu yataenda wapi, mashimo yatafukiwaje, zebaki itatumikaje.

Mpaka haukomei juu. Unashuka wima chini kama ukuta. Mirerani, kwenye tanzanaiti, migodi jirani ikikutana chini ya ardhi wanaita mtobozano, na ugomvi wake si mdogo.

Baada ya hapo kuna ada ya kila mwaka na ripoti za uzalishaji. Ukikaa kimya unaandikiwa hati ya makosa, na leseni inaweza kufutwa. Mauzo ni kwenye masoko ya madini, ambayo la Geita lilifunguliwa Machi 2019. Mrabaha wa dhahabu kwa kawaida umekuwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, ila viwango hivi huguswa kwenye bajeti, hivyo uliza sokoni kabla hujapima mzigo.