Haki ya kubadili na kazi ya kutunza: historia fupi ya kompyuta huria, kwa sisi wa Kasongo na Kabambare

Wandugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu ambao bado muko kwenye masomo, malalamiko haya sisi wote tumeyasikia. Mtu anaweka Linux kwenye kompyuta yake ya zamani. Siku tatu za kwanza ni furaha: mashini inawaka haraka, virusi havimsumbui tena, na hakuna anayemdai malipo. Siku ya nne anaanza kuona mambo madogo madogo. Saa ya mashini inachelewa kwa dakika sitini, kwa sababu alipoulizwa mji alichagua Kinshasa, na sisi wa Maniema tunafuata majira ya Lubumbashi. Kibodi yake ni ya Kifaransa, AZERTY, lakini mashini inaisoma kama ya Kiingereza: anabonyeza A, inatoka Q. Vitufe vya kufungia dirisha viko upande ambao hakuuzoea. Anakesha akipanga kila kitu anavyopenda, mpaka betri ya sola inakata. Miezi inapita, linakuja toleo jipya, na nusu ya mipango yake imepotea. Hapo ndipo anasema: "Hii kitu ni ya bure, lakini inachokesha."

Nataka tujibu swali moja. Inakuwaje mfumo ambao sheria yake inakuruhusu kubadili kila kitu, ndio huohuo unaokuchosha unapojaribu kubadili kitu kidogo? Jibu liko kwenye historia, na historia hiyo inatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Tuanze na imprimanti. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa anafanya kazi kwenye maabara ya chuo cha MIT, kule Marekani. Imprimanti yao ya zamani ilikuwa inakwama mara kwa mara kama zinavyokwama zile za sekretaria zetu za mtaani. Stallman alikuwa amebadili programu yake ili ikikwama, wanaongojea karatasi wapate ujumbe. Ikaja imprimanti mpya ya Xerox. Nayo ilikuwa inakwama, lakini msimbo wa programu yake haukutolewa. Alipomwomba mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao, alikataliwa: mwenzake alikuwa ametia sahihi ya kutougawa. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni yake, GPL. Inakupa haki za kutumia programu, kuisoma, kuigawa na kuibadili. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux, na baadaye kidogo akakiweka chini ya leseni hiyo.

Kwa hiyo haki ilianza na kero ya kila siku, kama yetu. Lakini tazameni vizuri: Stallman alikuwa anajua kuandika programu, alikuwa na maabara, mshahara, na umeme usiokatika. Leseni ilimpa mtu kama yeye ruhusa. Haikumpa mtu mwingine wakati, mega, wala fundi wa kumsaidia.

Miaka hiyo Linux ilikuwa ya watu wa kuandika amri kwenye kioo cheusi. Madirisha yalikuwepo, ila kila programu ilikuwa na sura yake na vitufe vyake. Mwaka 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa chuo cha Tübingen, Ujerumani, alichoka na vurugu hiyo, akaanzisha KDE: meza moja ya kazi ambapo programu zote zinafanana. Mwaka huohuo Mfaransa Olivier Fourdan akaanza Xfce. Mwaka 1997 vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME, kwa sababu KDE ilikuwa imejengwa juu ya kifaa kilichokuwa bado hakina leseni huria kamili. Ona wandugu: wengi wao walikuwa vijana wa umri wetu. Tangu hapo mtumiaji wa Linux ana meza nyingi za kuchagua, na hiyo ni baraka na ni mzigo.

Mwaka 2004 ndipo kitu kilianza kutufikia sisi watu wa mbali. Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyekwenda angani mwaka 2002, alitoa Ubuntu. Jina lenyewe ni neno la Kibantu. Sisi tunasema utu. Kampuni yake ilikuwa inatuma CD kwa posta bila malipo mpaka mwaka 2011. Kwa mtu asiye na intaneti ya kutosha, CD ile ilikuwa na maana sana: mfumo mzima ulifika mkononi bila kununua hata mega moja. Meza yake ilikuwa GNOME 2, iliyotoka mwaka 2002: mstari mmoja juu, mmoja chini, orodha ya programu kushoto. Aliyejifunza leo aliikuta vilevile kesho. Watu wakadhani itabaki hivyo daima.

Dalili ya kwanza ilikuja mwaka 2010. Kwenye Ubuntu 10.04, vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha vilitolewa kulia vikapelekwa kushoto. Jambo dogo kabisa, lakini mkono wa mtu una kumbukumbu yake. Watumiaji walilalamika wakataka kura. Shuttleworth akajibu wazi kwamba mradi ule si demokrasia: maoni mazuri yanapokelewa, ila mambo ya sura hayapigiwi kura. Jibu liliwakasirisha wengi, lakini lilisema ukweli uliokuwa umefichika. Haki ya kubadili nakala yako unayo. Haki ya kuwaamulia wanaotengeneza, hapana.

Mwaka 2011 mambo yakalipuka. Mwezi wa nne ilitoka GNOME 3, tofauti kabisa na ya pili. Mistari ya zamani iliondolewa, kitufe cha kupunguza dirisha kikatolewa. Hata neno la kuzima mashini lilifichwa: ulikuwa unaona tu "kulaza", na mpaka ubonyeze Alt ndipo "kuzima" inajitokeza. Watengenezaji waliona kompyuta inayolala ni rahisi kuamka. Kwetu, kompyuta inayolala usiku inaendelea kunywa betri, na asubuhi unakuta imekufa. Mwezi huohuo Ubuntu ikaleta meza yake nyingine, Unity, yenye kibao cha alama kilichobanwa kushoto. Linus Torvalds mwenyewe aliiponda GNOME 3 hadharani mwaka huo, akahamia Xfce. Kama baba wa Linux alichoka, sisi ni nani?

Sasa tufuate waliochoka walifanya nini, maana hapo ndipo kuna somo. Walikuwa makundi mawili.

Kundi la kwanza walijirekebishia mmoja mmoja. GNOME ilifungua mlango huo: mwishoni mwa mwaka 2011 kulikuwa na tovuti ya viongezo, vijiprogramu vya kurudisha mstari wa chini, orodha ya zamani, na mengine mengi. Lakini kila kiongezo kinatamka kinafanya kazi na toleo gani la GNOME, na GNOME inatoa toleo jipya kila miezi sita. Aliyekiandika akipata kazi nyingine au akichoka, kiongezo chako kinakufa naye. Toleo la 45, la mwezi wa tisa 2023, lilibadili namna ya kuviandika, na vyote vikalazimika kurekebishwa. Upande wa rangi na mavazi ya madirisha, mwaka 2019 watengenezaji kadhaa wa programu waliandika barua ya wazi wakiomba wanaosambaza mifumo waache kuzibadili sura, kwa sababu mavazi hayo yanaharibu maandishi na vitufe, na lawama inawarudia wao. Mtu binafsi anayechezea mashini yake hawakumkataza. Ila ajue yuko peke yake.

Kundi la pili walichukua msimbo wenyewe wakaukalia pamoja. Mwaka 2011 Muargentina mmoja, anayejulikana kwa jina la Perberos, alichukua GNOME 2 iliyoachwa akaendelea nayo kwa jina MATE. Jina ni la mmea ambao majani yake yananywewa kama chai kule kwao. Linux Mint, ya Mfaransa Clément Lefebvre, ikajenga Cinnamon, yaani mdalasini. Sisi watu wa kilimo tunacheka: meza mbili, mimea miwili. Xfce nayo ikaendelea polepole mno. Kutoka toleo la 4.12 mwaka 2015 mpaka 4.14 mwaka 2019 ni zaidi ya miaka minne. Mjini wanaita huo uvivu. Kwa mtu wa Kabambare, miaka minne bila kujifunza upya ni zawadi. Na Unity iliyoletwa kwa nguvu? Mwaka 2017 Ubuntu iliiacha ikarudi kwa GNOME.

Angalieni kilichobaki. Mabadiliko yaliyofanywa na mtu peke yake usiku, kwenye mashini yake, yalipotea kwenye toleo lililofuata. Mabadiliko yaliyopata kikundi cha kuyatunza bado yapo leo. Ni kama mbegu. Unaweza kupewa aina nzuri ya mpunga, ukavuna vizuri msimu mmoja. Kama hakuna wakulima waliopanga kuitenga, kuisafisha na kuizidisha, msimu wa tatu imechanganyika na nyingine, na watu wanasema "ile mbegu haikuwa nzuri." Mbegu haikuwa na kosa. Ilikosa watunzaji.

Mfano wa karibu zaidi na sisi unahusu lugha. Kiswahili kilifika Kasongo kabla ya reli na kabla ya Wabelgiji, waliouchukua mji mwaka 1893. Lakini ukifungua kompyuta hapa, inakusemesha Kifaransa au Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote, leseni iliwaruhusu. Ilikuwa kazi ya heshima. Sasa tujue tafsiri inavyofanya kazi: inawekwa sentensi kwa sentensi, na kila toleo jipya linaleta sentensi mpya. Isipotafsiriwa, inajitokeza kwa Kiingereza. Miaka ikipita bila watu, orodha inakuwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na mtumiaji anaona ni afadhali Kifaransa. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, wengi wakahamia LibreOffice, na tafsiri nazo zikataka kuhamishwa na kuendelezwa. Tena tunarudi palepale: ni nani anabaki baada ya sherehe?

Kwa nini nasema haya sasa? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma za kawaida za Windows 10, na mashini nyingi tulizonazo huku haziwezi kupokea Windows 11. Watu wataambiwa wanunue mpya, au wahamie Linux. Na huko pia mlango unapungua: Ubuntu iliacha kutoa mfumo wa meza kwa mashini za biti 32 mwaka 2017, na Debian 13, ya mwezi wa nane 2025, haina tena kisakinishi chao. Mwenye mashini ya zamani sana itabidi achague kwa makini, na kwa kawaida hana wa kumuuliza.

Tukiingia kila mtu na mashini yake, tutarudia historia ya kundi la kwanza. Mimi napendekeza tuige la pili, kwa vitu vidogo tunavyoviweza. Moja, tukubaliane meza moja isiyobadilika ovyo, Xfce au MATE, ili anayejua kitu Kasongo aweze kumsaidia wa Kabambare kwa simu, wote wakiangalia kioo kinachofanana. Mbili, tuweke kwenye flashi mfumo kamili na programu zake: AZERTY imeshapangwa, majira ya Lubumbashi yameshawekwa, LibreOffice imo. Flashi hiyo ipite mkono kwa mkono kama CD za zamani, mega moja ilipiwe mara moja na si mara hamsini. Tatu, matoleo ya muda mrefu tu, yale yanayohudumiwa kwa miaka mitano, na hakuna kubadili katikati ya kuandika memwari. Nne, kila badiliko tunalofanya liandikwe kwenye daftari: tulifanya nini, wapi, kwa nini. Fundi akisafiri, daftari linabaki. Wenye hamu ya Kiswahili waanze na tafsiri ya programu moja tu, ndogo, na wawe angalau watatu.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji ufadhili. Yanahitaji watu wanaokubali kazi ya kutunza, ambayo haina sifa kama kazi ya kubuni. Haki ya kubadili tulishapewa tangu 1989, hata sisi ambao tulikuwa hatujazaliwa. Watunzaji hakuna atakayetuletea kwa lori kutoka Kindu. Tutatoka sisi wenyewe.