Anuarite wa Isiro: sikukuu ya tarehe 1 Desemba inatoka wapi?

Kila mwaka, tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili, mji wa Isiro katika jimbo la Haut-Uele unakumbuka sista aliyeuawa hapo akiwa na miaka 24. Jina lake Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Mapadri wanavaa nyekundu, rangi ya wafiadini, na waamini wanasali kwenye kaburi lake ndani ya kanisa kuu. Siku hiyo anakumbukwa pia mbali na Isiro, na Kongo nzima kuna mabinti wanaoitwa Anuarite na shule zenye jina lake. Wengi wanajua jina, lakini hadithi yenyewe wanaijua nusunusu.

Kumbe hata jina lina historia. Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 karibu na Wamba, katika kabila la Wabudu, na jina lake lilikuwa Nengapeta. Anuarite ni jina la dada yake. Siku ya kuandikishwa shuleni, sista aliyeshika daftari alichanganya majina, na kosa halikusahihishwa tena. Wanaojua Kibudu wanaeleza kwamba Nengapeta ni kusema mali inadanganya, na Anuarite ni mtu anayecheka vita.

Nyumbani hakukuwa na utulivu. Baba alimwacha mama juu alikuwa anazaa mabinti tu. Jambo hilo tunalijua hata huku kwetu, halihitaji maelezo marefu. Binti alipotaka utawa, mama hakukubali haraka, tena alikuwa bado mdogo. Siku moja kamio ilikuja kubeba mabinti wanaoenda kwa masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Naye akapanda bila kuaga. Mama alimtafuta siku kadhaa kabla ya kupata habari. Lakini tarehe 5 Agosti 1959, alipofunga nadhiri, wazazi walikuja na mbuzi wawili kushukuru. Baada ya hapo alifundisha shule ya msingi.

Vita ya 1964, na ndege zilizotoka Kamina

Hapa njo hadithi ya Isiro inakutana na Kamina. Mwezi wa nane 1964 waasi Wasimba waliteka Stanleyville, leo Kisangani, na kushika sehemu kubwa ya kaskazini-mashariki. Walikamata wazungu wengi kama mateka. Ubelgiji na Marekani wakapanga kuwaokoa. Makomando wa Ubelgiji walitua kwenye kambi ya ndege ya Kamina, na alfajiri ya tarehe 24 Novemba ndege zikaondoka hapa kwenda kuwaangusha Stanleyville. Tarehe 26 walishuka Paulis. Paulis njo Isiro ya leo, jina la zamani la wakoloni.

Operesheni ilikuwa ya muda mfupi. Tarehe 27 makomando walikuwa wamekwisha kurudi Kamina pamoja na watu waliowatoa. Waliobaki nyuma ni wenyeji, na pamoja nao masista weusi wa vijijini. Hasira ya waasi iliangukia wale ambao hakuna ndege iliyokuja kuwachukua. Wazee wa Kamina wakisimulia habari za ndege za 1964, upande huu wa hadithi hausikiki sana.

Jumapili tarehe 29 Novemba Wasimba walifika Bafwabaka na kamio. Waliwaambia masista kwamba wanawapeleka Wamba kwa usalama wao. Wakalala Ibambi. Kesho yake, huko Vube, wakakutana na kolonele Yuma Déo, ambaye aliwanyang'anya rozari na misalaba na kuamuru wapelekwe Isiro. Jioni wakaingizwa kwenye nyumba ambayo watu wanaiita Nyumba ya Bluu.

Usiku ule kolonele mmoja aitwaye Ngalo alimtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa. Mwenzake, kolonele Pierre Olombe, akajaribu kumlazimisha, kisha naye akamtaka kwa nguvu. Mama mkubwa wa shirika, Sista Léontine Kasima, alijaribu kumtetea bila kufaulu. Olombe alimpakia Anuarite kwenye gari pamoja na Sista Jean-Baptiste Bokuma. Wote wawili walipigwa, Bokuma akavunjwa mkono. Anuarite alisema afadhali afe kuliko kufanya dhambi hiyo, na akamwambia Olombe kwamba anamsamehe. Olombe akaita askari wamchome visu vya bunduki, halafu yeye mwenyewe akampiga risasi. Alikata roho saa saba hivi za usiku, tarehe 1 Desemba.

Alizikwa katika kaburi la watu wengi. Mwaka uliofuata, walipofukua, walimtambua kwa kisanamu kidogo cha Bikira Maria alichokuwa nacho mfukoni. Baadaye mabaki yake yakahamishiwa kanisa kuu la Isiro.

Namna ya kuisoma hadithi hii leo

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri huko Kinshasa, wazazi wake wakiwepo. Katika mahubiri, Papa alitamka msamaha kwa yule aliyemuua. Kwa watu wa Isiro msamaha ule haukuwa neno la kitabuni, kwa sababu Olombe alikuwa bado hai. Kuna waliopokea maneno hayo kwa shida, na ni haki kuelewa kwa nini.

Kuna jambo lingine ambalo wahubiri wanapaswa kuangalia. Katika majimbo yetu ya mashariki, wamama na mabinti wengi wamefanyiwa ubakaji na watu wenye silaha. Mwanamke wa namna hiyo akisikia kwenye misa kwamba Anuarite alichagua kufa, anaweza kutoka kanisani akifikiri yeye aliyebaki hai ana kosa. Kanisa halifundishi hivyo. Karne kumi na sita zilizopita mtakatifu Agostino aliandika waziwazi kwamba mwanamke aliyetendewa kwa nguvu hana dhambi. Dhambi ni ya aliyemtenda. Sista Bokuma alipona, na hakuna anayemwita mwoga. Padri anayeeleza hivyo tarehe 1 Desemba anasaidia watu zaidi kuliko yule anayerudia sifa za ubikira saa nzima.

Watu wengi wanamwita "Mtakatifu Anuarite". Kwa desturi ya Kanisa yeye bado ni Mwenye Heri. Kwa kuwa alikufa mfiadini, hakuhitaji muujiza ili afike hapo. Ili awe Mtakatifu, kwa kawaida Roma inataka muujiza mmoja uliochunguzwa na kukubaliwa. Yuko pamoja na Isidore Bakanja, aliyetangazwa 1994, na wamisionari watatu Wazaverio na padri Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, siku tatu tu kabla ya Anuarite. Hao walitangazwa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekataa rushwa kwenye mpaka na kuuawa 2007, alifuata tarehe 15 Juni 2025 huko Roma.

Neno moja kwa wanaotayarisha sikukuu parokiani: novena inaanza tarehe 22 Novemba ili iishe tarehe 30. Na tarehe 1 ikiangukia Jumapili, kama ilivyokuwa 2024, hiyo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, na misa ya Majilio inatangulia. Muulize padri wenu mapema, kabla korali haijashona nguo nyekundu.