Gesi Iliyomo Ndani ya Mashine ya Aiskrimu

Juma lililopita tulisoma jinsi ya kuhifadhi maziwa yasichachuke. Leo tutazungumza habari za mashine ile ikaayo madukani, inayomimina aiskrimu laini ukivuta mkono wake. Nataka mjue kwa nini fundi anayeitengeneza hapaswi kuiachia gesi yake ikaenda hewani. Sababu yake ina historia ya karibu miaka mia mbili.

Kwanza fahamuni kazi ya gesi hiyo. Mkienda kupigwa sindano, muuguzi huwapakeni spiriti, nanyi husikia baridi. Spiriti ikikauka hugeuka mvuke, na haiwezi kugeuka bila kutwaa joto. Joto hilo hulitoa katika ngozi yenu. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia iyo hiyo. Basi ndani ya mashine gesi huzungushwa daima. Pampu iitwayo kompresa huishindilia mpaka iwe moto sana. Kisha hupita katika mabomba yanayopulizwa na feni, joto likatoka nje, na gesi ikawa majimaji. Hapo hupenyezwa katika tundu dogo mno, ikafika kando ya silinda yenye maziwa, ikachemka na kuyanyonya joto. Maziwa hugandia ukutani, na visu vinavyozunguka huyakwangua. Gesi hurudi kwenye kompresa.

Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekaa London, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa mashine ya namna hii. Yeye alitaka kutumia etha, ambayo huwaka moto upesi. Waliomfuata walitumia amonia, au gesi itokayo katika salfa. Hizi ni sumu. Hebu fikirini bomba likipasuka usiku, watu wamelala! Inasimuliwa kwamba Albert Einstein, yule mtaalamu mwenye sifa, alisoma gazetini habari za jamaa moja ya Berlin, wazazi na watoto, waliouawa na mvuke wa friji yao. Yeye na mwenzake Leo Szilard wakabuni friji zisizo na vyuma vya kuzunguka, wakapata hati Marekani mwaka 1930. Lakini friji hizo hazikufika madukani.

Jibu lilitoka kwingine. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walipata gesi isiyo sumu wala haiwaki. Mwaka 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia wa Marekani, Midgley aliivuta gesi hiyo kifuani, kisha akaupulizia mshumaa, ukazimika. Watu waliona kwa macho yao: haiui, haiwaki. Iliuzwa kwa jina la Freon, na mafundi wakaiita R12. Sasa mashine ya baridi iliweza kukaa karibu na wateja bila hofu. Mwaka 1940 duka la kwanza la Dairy Queen, lenye kuuza aiskrimu laini, lilifunguliwa Joliet, katika jimbo la Illinois.

Kwa kuwa gesi haikumdhuru mtu, mafundi hawakuijali. Ikipungua waliongeza, mashine ikifunguliwa waliiacha ifoke. Nani angewalaumu? Lakini mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wa Chuo Kikuu cha California, waliandika kwamba gesi za namna hii hazioozi wala hazinyeshi na mvua. Hupanda juu sana, jua kali likazivunja, na klorini yake ikala ozoni, hewa inayotukinga na miali inayoleta saratani ya ngozi. Wenye viwanda walibisha. Mwaka 1985 wataalamu Waingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua vibaya. Mwaka 1987 mataifa yalifanya mapatano Montreal, na kufikia mwaka 2010 utengenezaji wa gesi hizo ulikomeshwa hata katika nchi zetu.

Mashine nyingi za aiskrimu zikajazwa R404A. Hii haili ozoni, lakini kilo moja ikitoka huongeza joto la dunia kama karibu kilo 3,900 za kaboni dioksidi. Kwa hiyo Oktoba 2016 mataifa yalikutana tena, safari hii karibu nasi, Kigali, yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo.

Sasa mtazameni fundi kazini. Gesi hailiwi kama petroli. Ikipungua, pana tundu. Fundi mvivu huongeza gesi, akapokea fedha, na baada ya mwezi akaitwa tena. Fundi hodari hupaka povu la sabuni kwenye maungio, akatazama linapofura. Gesi iliyobaki huivutia mtungini kwa mashine yake. Akiisha kuziba, hunyonya hewa na unyevu wote, kisha hujaza gesi mpya akiipima kwa mizani. Na mara nyingi gesi haina kosa lo lote: mabomba ya feni yamejaa vumbi, na brashi ya shilingi chache yatosha.

Mashine mpya nyingi hutumia R290, yaani propani, ndugu ya gesi ya kupikia. Haili ozoni, na joto inaloongeza ni dogo mno. Lakini huwaka, kama etha ya Perkins. Fundi hufungua madirisha, huzima kila moto, wala hachomelei bomba lenye gesi ndani.

Kabla ya somo lijalo, tafuteni friji, ya dukani au ya jirani. Someni kibati kilichobandikwa nyuma au ndani yake. Tafuteni herufi R na namba yake, pamoja na uzito wa gesi, mkaandike katika daftari. Tutazilinganisha juma lijalo. Kwaherini.