Kutoka Buluo mpaka Brussels: miaka zaidi ya 60 ya kudai haki ya Lumumba

Wakaaji wa Buluo, katika mji wa Likasi, wanalijua vizuri gereza lao. Jina la Buluo likitajwa Lubumbashi ao Kinshasa, wengi hufikiria mara moja buloko la watu wenye vifungo virefu. Vijana wachache ndio wanaojua kama Patrice Emery Lumumba naye alipitia humo.

Ilikuwa mwezi wa kwanza mwaka 1960. Likasi iliitwa Jadotville, na Ubelgiji ulikuwa ungali unatawala Kongo. Tarehe 21, tribinali ya Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, ilimhukumu Lumumba kifungo cha miezi sita kwa sababu ya machafuko yaliyotokea huko mwishoni mwa mwezi wa kumi 1959. Kesho yake akapandishwa ndege, mikono ikiwa na pingu, akaletwa Jadotville. Hakukaa siku nyingi. Huko Brussels viongozi wa vyama vya Kongo walikuwa wamekutana na Wabelgiji kwenye Meza ya Duara, na wakakataa kuendelea bila yeye. Tarehe 25 akafunguliwa, akasafirishwa Ubelgiji, na alama za pingu zilikuwa zingali mikononi. Miezi mitano baadaye alikuwa waziri wa kwanza wa inchi huru.

Mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa, alirudishwa Katanga mara ya pili. Safari hiyo hakutoka.

Siku ya tarehe 17

Katanga ya Moïse Tshombe ilikuwa imejitenga tangu tarehe 11 mwezi wa saba 1960, ikisaidiwa na maofisa wa Kibelgiji. Kule Léopoldville, Raisi Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba kazini tarehe 5 mwezi wa tisa, na siku chache baadaye Kanali Mobutu akatwaa madaraka. Lumumba alijaribu kukimbilia Stanleyville, lakini mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili alikamatwa kwenye kivuko cha Lodi, kwenye mto Sankuru. Akafungwa katika kambi ya askari ya Thysville.

Katikati ya mwezi wa kwanza 1961 askari wa Thysville waliasi. Wakubwa waliogopa mfungwa asije akaachiliwa. Tarehe 16, Harold d'Aspremont Lynden, waziri wa Ubelgiji aliyehusika na mambo ya Afrika, alituma ujumbe wa teleksi Élisabethville, akisisitiza Tshombe ampokee Lumumba Katanga bila kuchelewa. Kesho yake, tarehe 17, ndege iliwaleta Luano watu watatu waliokuwa wamepigwa njia yote: Lumumba, Joseph Okito aliyekuwa makamu wa mwenyekiti wa seneti, na Maurice Mpolo aliyekuwa waziri wa vijana na michezo. Askari wa Uswidi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa kwenye uwanja wa ndege waliwaona wakishushwa.

Walipelekwa kwenye nyumba ya Mbelgiji mmoja, Brouwez, wakaendelea kupigwa. Usiku uleule walichukuliwa kwa magari mpaka Shilatembo, yapata kilometa 50 kutoka Lubumbashi, mbali kidogo na barabara ambayo watu wa Likasi wanaipita kila siku. Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwepo. Kapiteni Julien Gat na komiseri wa polisi Frans Verscheure, wote Wabelgiji, walikuwa miongoni mwa waliosimamia kazi. Kabla ya saa nne za usiku, wote watatu walikuwa wamepigwa risasi.

Baadaye polisi wa Kibelgiji Gerard Soete na mwenzake walitumwa kuwafukua. Maiti zilikatwa vipande na kuyeyushwa kwa asidi ya salfa. Shabaha ilikuwa kusiwe na kaburi, na pasipo na kaburi hata ushahidi ni vigumu.

Uongo wa kwanza, uchunguzi wa kwanza

Tarehe 10 mwezi wa pili, serikali ya Katanga ilitangaza kama wafungwa wametoroka. Tarehe 13, waziri wa mambo ya ndani Godefroid Munongo akasema wanakijiji wamewaua, bila kutaja jina la kijiji. Mama Pauline Opango, mke wa Lumumba, alitembea katika njia za Léopoldville akiwa kifua wazi, kama mama anayeomboleza kwa desturi, akidai apewe mwili wa bwana yake. Baadhi ya watoto wao walikuwa wamekwisha kupelekwa Misri. Jamaa hiyo ilikuwa imetawanyika kama jamaa za wahami wengi wa leo.

Tarehe 21 mwezi huohuo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 161, likitaka uchunguzi ufanyike mara moja na bila upendeleo. Kamisheni iliundwa, lakini haikupata ruhusa ya kuingia Kongo. Ilifanya kazi ikiwa nje, ikawasikiliza mashahidi na kusoma karatasi. Mwezi wa kumi na moja 1961 ilitoa ripoti: habari ya kutoroka haikuwa ya kweli, na ushahidi ulionyesha kama wafungwa waliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza.

Kwa hiyo, kabla mwaka haujaisha, dunia ilikuwa imekwisha kujua sehemu kubwa ya ukweli. Kilichokosekana ni tribinali. Umoja wa Mataifa haukuwa na mahakama ya kuwahukumu wauaji, Katanga isingejihukumu yenyewe, na Léopoldville ndiyo iliyowatoa wafungwa. Mwaka 1966 Mobutu, ambaye askari wake walimkamata Lumumba, akamtangaza kuwa shujaa wa taifa. Jina lilipewa heshima, lakini hakuna faili iliyofunguliwa. Tshombe alikufa kizuizini Algeria mwaka 1969. Munongo alikufa 1992.

Mlango wa Brussels

Mambo yaligeuka kwa sababu ya karatasi. Mwaka 1999 mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu kilichotegemea maandishi ya serikali yake mwenyewe, teleksi na barua za mawaziri. Soete naye, akiwa mzee, alisema mbele ya televisheni jinsi alivyoharibu miili, na kwamba alibaki na meno. Bunge la Ubelgiji likaunda kamisheni ya uchunguzi. Mwezi wa kumi na moja 2001 kamisheni hiyo ilisema kama baadhi ya mawaziri na Wabelgiji wengine wana daraka la kimaadili katika mambo yaliyoleta kifo cha Lumumba. Mwezi wa pili 2002 waziri Louis Michel aliomba radhi kwa jina la serikali.

Neno "kimaadili" lina uzito wake. Mtu mwenye daraka la kimaadili haitwi mbele ya hakimu. Jamaa ya Lumumba ilielewa jambo hilo. Mwezi wa sita 2011 mwana wake François Lumumba alipeleka mashtaka Brussels dhidi ya Wabelgiji wapatao kumi waliokuwa wangali hai.

Swali la kwanza la mawakili lilikuwa hili: je, mauaji ya miaka 50 bado yanaweza kuhukumiwa? Kama ni mauaji ya kawaida, jibu ni hapana, kwa kuwa sheria inaweka muda, na muda ukiisha faili inafungwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya La Haye nayo haingeweza kusaidia, maana inashughulikia tu makosa yaliyofanyika tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2002. Ulibaki mlango mmoja. Katanga ya 1961 ilikuwa katika vita. Mikataba ya Geneva inakataza kumtesa mfungwa, kumhamisha kinyume cha sheria, na kumwua bila hukumu ya tribinali. Makosa ya namna hiyo ni makosa ya vita, nayo hayazeeki. Mwezi wa kumi na mbili 2012, mahakama ya rufaa ya Brussels ilikubali uchunguzi uendelee kwa msingi huo.

Mwaka 2016 wachunguzi walikamata jino moja nyumbani kwa mtoto wa Soete. Mwezi wa sita 2020 Juliana Lumumba alimwandikia mfalme wa Ubelgiji akidai mabaki ya baba yake, na miezi mitatu baadaye hakimu akaamua yarudishwe. Tarehe 20 mwezi wa sita 2022 jino lilikabidhiwa kwa jamaa mjini Brussels. Jeneza lilipitishwa Onalua alikozaliwa, Kisangani, na Shilatembo alikouawa, kisha likawekwa Kinshasa tarehe 30, siku ya uhuru. Mama Pauline hakuliona. Alikufa mwezi wa kumi na mbili 2014, baada ya miaka 53 ya kungoja.

Mwezi wa sita 2025 mwendesha mashtaka wa Ubelgiji aliomba mtu mmoja apelekwe mahakamani: Étienne Davignon, miaka 92. Mwaka 1960 alikuwa mwanadiplomasia kijana, na baadaye akawa makamu wa mwenyekiti wa Kamisheni ya Ulaya. Alishukiwa kushiriki katika kumfunga na kumhamisha Lumumba kinyume cha sheria, kumnyima haki ya kuhukumiwa na tribinali, na kumtendea mambo ya kumdhalilisha. Yeye alikana. Katika wote walioshtakiwa mwaka 2011, yeye peke yake ndiye aliyekuwa angali hai.

Chebeya na njia ya Dakar

Wengine wanaweza kusema kama hiyo ni habari ya Lumumba tu, kwa sababu jina lake linajulikana dunia nzima. Kesi ya Floribert Chebeya inaonyesha kama njia hiyohiyo ilitumiwa na wengine pia. Kiongozi huyo wa shirika la Sauti ya Wasio na Sauti aliitwa kwenye ofisi kuu ya polisi Kinshasa, na tarehe 2 mwezi wa sita 2010 alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Dereva wake Fidèle Bazana hakuonekana tena.

Hukumu ya kwanza ya Kinshasa haikuwaridhisha jamaa. Polisi mmoja, Paul Mwilambwe, alikuwa amekimbia inchi na kueleza aliyoyaona, naye alikuwa Senegal. Mwaka 2014 jamaa, zikisaidiwa na mashirika ya haki za binadamu, zilishtaki Dakar, kwa sababu Senegal ilikuwa imeuingiza mkataba wa dunia wa kukataza mateso katika sheria zake. Mkataba huo unaruhusu tribinali ya inchi moja kumhukumu mtu kwa mateso yaliyofanyika inchi nyingine. Mwaka uliofuata Dakar ilifungua uchunguzi dhidi yake. Faili haikufa, na utawala ulipobadilika Kinshasa, ilikuwa ingali mezani. Mwaka 2020 kanali wa polisi Christian Kenga Kenga alikamatwa Lubumbashi. Tarehe 11 mwezi wa tano 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu adhabu ya kifo, na Mwilambwe akaachiliwa.

Jamaa zinazongoja

Wazee wa Likasi wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, na maelfu wakalala kwenye gari-moshi na kandokando ya stesheni wakingoja treni. Wengine walikufa hapo na njiani. Tangu wakati huo wahami wengine wamepita, kutoka kaskazini ya Katanga mpaka Kivu, na wengi wao wana ndugu aliyechukuliwa usiku akakosa kurudi.

Katika kesi zote mbili, kilichofungua mlango ni vitu vidogo vilivyotunzwa: tarehe ya siku, namba ya teleksi, jina la askari aliyekuwepo, shahidi aliyekubali kusema, jino moja ndani ya sanduku. Jamaa iliyoandika jina la aliyepotea, siku, mahali, sare ya waliomchukua na majina ya walioona, ikaacha nakala kwa parokia, kwa wakili ao kwa shirika la haki za binadamu, ina kitu cha kumwonyesha hakimu siku atakapopatikana. Jamaa iliyotegemea kumbukumbu peke yake hupoteza ushahidi kila mzee anapozikwa.

Ni lazima kusema pia bei ya kungoja. Haki ya Brussels ilichukua zaidi ya miaka 60, na muda huo uliwaponyesha wenye hatia kuliko wakili yeyote. Gat na Verscheure, waliokuwa Shilatembo usiku ule, walikufa bila kuitwa na hakimu kwa ajili ya damu ya watu watatu. Kwa hiyo anayedai haki leo Likasi, Bukavu ao Kalemie hana sababu ya kungoja utawala mwema kwanza ndipo aanze kuandika. François Lumumba alikuwa mtoto baba yake alipouawa, na alipofungua faili Brussels alikuwa mwanaume wa miaka karibu 60.