Mordekai Alipita Kila Siku

Somo: Esta 2:5–11

  

Twaijua habari ya Esta. Baba yake na mama yake walikuwa wamekufa, naye aliishi katika nchi ya ugeni. Mordekai, binamu yake, alimchukua akamlea kama binti yake mwenyewe. Wahubiri wengi huharakisha kufika kwenye jumba la mfalme na taji la malkia. Lakini tafadhali tusiuruke mstari wa 11. Msichana yule alipohamishiwa nyumba ya wanawake, Mordekai hakusema kwamba sasa yuko mikononi mwa wengine na kazi yake imekwisha. Kila siku alitembea mbele ya ua wa nyumba ile apate kujua hali yake.

Basi hapo pana matendo mawili. La kwanza ni kumpokea mtoto. La pili ni kupita kila siku kumwangalia. Leo nataka tuitazame historia ya watoto waliolelewa na watu wasiowazaa, hapa kwetu Kanyakine na katika nchi inayozunguka Mlima Kenya, tuone lini tulifanya yote mawili, na lini tulifanya moja tu.

Tuanze na wazee wetu. Kwa Wameru mtoto hakuwa wa baba na mama peke yao. Alikuwa wa mwiriga, yaani ukoo. Baba alipokufa, ndugu zake walijua wajibu wao, na boma zima lilijua kwamba wanajua. Mtoto alikula mbele ya macho ya watu wengi. Kama mama mlezi alimnyima chakula, shangazi aliona, nyanya aliona, na wazee walisikia. Hapakuwa na karatasi wala mahakama, lakini palikuwa na mashahidi.

Hata hivyo, tusiseme kwamba zamani yote ilikuwa njema. Kati ya mwaka 1897 na 1901 njaa kubwa ilizikumba nchi hizi. Wakamba waliiita Ngomanisye, kwa maana ilienea kila mahali. Mvua ilikosekana, na ndui ikaua watu wengi. Familia nyingi za Ukambani zilipanda kuelekea miteremko ya Mlima Kenya, kama Embu, ambako chakula kilikuwa bado kinapatikana. Wengine waliwaacha wasichana wao katika nyumba za wenye chakula kama rehani, wakitumaini kuja kuwakomboa kwa mifugo mvua itakaponyesha. Baadhi yao walirudi kwao. Wengine waliolewa huko huko, na wajukuu wao ni watu wa milimani hadi leo.

Ndugu msikilizaji, fikiri habari ya msichana wa rehani. Amepokewa, naam, wala hakufa kwa njaa. Lakini ni nani aliyepita kila siku kuuliza hali yake? Ndugu zake walikuwa mbali, na wengine walikuwa wamekwisha kufa. Kama mwenye nyumba alikuwa mtu mwema, msichana alikuwa binti. Kama hakuwa mwema, alikuwa mtumishi asiye na mshahara. Maisha yake yalitegemea moyo wa mtu mmoja tu.

Sasa twende mbele miaka hamsini. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Katika Meru na Embu, kama katika nchi ya Wakikuyu, watu walitolewa katika maboma yao wakakusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Baba alikuwa kizuizini au msituni, mama alikuwa katika kazi ya kulazimishwa. Ule ukoo uliokuwa macho ya mtoto ulitawanywa. Wavulana wengi walishikwa wakatiwa kambini pamoja na watu wazima. Mwaka 1955 mamia ya wavulana hao walitolewa Manyani wakapelekwa Wamumu, katika wilaya ya Embu ya wakati ule, ambako sasa ni Kirinyaga. Huko walifundishwa kusoma na kazi za mikono. Mmoja wa wasimamizi wao, Geoffrey Griffin, ndiye ambaye mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha Starehe mjini Nairobi kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakirandaranda mitaani.

Wapo wanaume waliotoka katika mahali kama hapo wakawa mafundi, walimu na viongozi. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kumbuka kwamba Wamumu ilikuwa mahali pa wafungwa wadogo. Palikuwa na macho mengi ya kuwaangalia, lakini hapakuwa na mama. Kengele iliwaamsha, na kengele iliwalaza. Tangu siku hizo wazo moja limetuingia sana: kwamba mtoto asiye na wazazi dawa yake ni jengo.

Jambo lingine lilitokea wakati ule ule, nalo halisemwi sana kanisani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960, mashamba ya Meru yalipimwa yakaandikishwa, na kila mwenye shamba akapewa hati yenye jina lake. Kulikuwa na faida kubwa. Kahawa ilipandwa, na chai ikapandwa katika sehemu za juu. Lakini tangu siku ile mtoto wa marehemu ndugu yako alipoingia mlangoni, hakuingia na njaa yake tu. Aliingia na swali la mpaka. Mwenye ekari mbili na wana wanne alimtazama yatima akahesabu. Twajua nyumba ambazo mtoto alifukuzwa kwa ajili ya shamba, ijapokuwa sababu iliyosemwa ilikuwa utundu wake.

Na sheria imesemaje? Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamtaja mtoto ambaye marehemu alimchukua katika familia yake kama mtoto wake na alikuwa akimtunza mpaka alipokufa. Mtoto huyo aweza kuiomba mahakama impe sehemu ya kumtunza. Ni wazee wangapi wa kanisa wanaolijua jambo hili wanapoketi na familia baada ya mazishi?

Kisha likaja pigo la UKIMWI. Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alijulikana mwaka 1984, na mwezi wa Novemba 1999 Rais Moi alitangaza kwamba ugonjwa huo ni janga la taifa. Katika miaka hiyo nyanya mmoja aliweza kuwazika wana wawili na kubaki na wajukuu sita. Makanisa yaliona taabu hiyo yakafanya yale yaliyojulikana: yalijenga makao ya watoto. Marafiki wa ng'ambo walituma fedha, vitanda vikanunuliwa, na kibao kikasimamishwa barabarani. Wengi walifanya hivyo kwa upendo wa kweli, na watoto wengi wanaishi leo kwa sababu hiyo.

Lakini wengi wa watoto waliokuwa makaoni hawakuwa wamekosa jamaa kabisa. Wengi walikuwa na mzazi mmoja, au nyanya, au mjomba. Waliletwa kwa sababu pale palikuwa na uji, karo na sare ya shule. Fedha ambazo zingemsaidia nyanya kuwalea wajukuu wake nyumbani zililipa ujenzi wa bweni.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Katika mji wa Bucharest, nchi ya Romania, uchunguzi ulianza mwaka 2000 kwa watoto wadogo 136 waliokuwa katika makao. Nusu yao walitafutiwa familia za kuwalea, na nusu wakaendelea na malezi kama yalivyokuwa. Walipopimwa katika miaka iliyofuata, wale waliolelewa katika familia walikuwa wamewatangulia wenzao kwa akili na kwa kushikamana na watu, hasa waliopelekwa wakiwa bado wachanga. Mtoto hahitaji mkate na kitanda tu. Anahitaji mtu mmoja anayemjua kwa jina na kuuijua sauti ya kilio chake.

Serikali yetu nayo imegeuka polepole. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 iliweka utaratibu wa walezi wa kambo, yaani watu wanaompokea mtoto wa mwingine nyumbani kwao kwa muda, chini ya uangalizi wa ofisa wa watoto. Mwaka 2004 ulianza kwa majaribio mpango wa kuzipa fedha nyumba zinazolea yatima, nao ukaenea katika nchi. Msishangae. Binti Farao alimlipa mshahara mama aliyemnyonyesha Musa, wala malipo hayo hayakuupunguza upendo wa mama yule. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya. Mwaka 2022 ilitoka Sheria mpya ya Watoto, pamoja na mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka makaoni hadi katika familia.

Je, tuseme basi kwamba kazi imekwisha? La, hasha. Sikieni habari ya Uingereza. Mvulana mmoja wa miaka 12, Dennis O'Neill, alikuwa chini ya halmashauri ya mji wa Newport. Halmashauri ile ilimpeleka pamoja na mdogo wake kwa walezi wa kambo katika shamba moja huko Shropshire. Karatasi zilikuwa zimeandikwa. Lakini ofisi zilizopaswa kumtembelea hazikumtembelea ipasavyo. Mwezi wa Januari 1945 Dennis alikufa kwa kupigwa na kwa kukosa chakula. Nchi nzima ilishtuka. Tume ziliundwa, na mwaka 1948 ikatoka sheria iliyolazimu kila eneo kuwa na kamati ya watoto na ofisa wa watoto.

Dennis alikuwa na nyumba. Alikosa mtu wa kupita kila siku.

Ndugu zangu, hapa ndipo historia hii inapotugusa sisi. Watoto wanapotoka makaoni kurudi vijijini, ofisa wa watoto ni mmoja, na vilima vya Imenti Kusini ni vingi. Hawezi kufika kila mlango. Lakini kanisa liko karibu na kila mlango. Tunapita hapo tukienda sokoni Kanyakine, tukipeleka majani ya chai, tukienda ibada ya nyumba kwa nyumba. Lile ua ambalo Mordekai alilizunguka, sisi tunalipita bila kutazama.

Tufanye nini? Kwanza, siku ya mazishi tusitosheke na maneno mazuri ya jamaa kwamba watoto watatunzwa. Mzee wa kanisa na aulize mbele ya mashahidi, kwa upole: nani anamchukua nani, na hati za kuzaliwa ziko wapi? Baada ya miezi mitatu na arudi aone.

Pili, anayempokea mtoto asiye wa jamaa yake na afuate sheria. Aende kwa ofisa wa watoto, amjulishe chifu, asimfiche mtoto kama mali ya magendo. Mtoto aliyepokewa gizani hupigwa gizani.

Tatu, akina mama wa ushirika na washike zamu ya kutembelea. Wasiende kama askari wa upelelezi, bali na sukari na unga, wakae, wanywe chai. Na watazame. Je, watoto wote wanakula sahani moja? Je, huyu mmoja anakwenda shule, au ndiye mchota maji wa nyumba? Kuna msemo kwamba yatima hadeki. Msemo huo umetumiwa kufunika uovu mwingi. Nyumba ya Mkristo ni mahali ambapo yatima na adeke kidogo. Na mkiona mtoto anaumizwa, msingoje mkutano wa mwezi. Namba ya simu ya watoto ni 116, nayo haitozi fedha.

Nne, washirika wenye kutoa kwa ajili ya makao na waulize kama shilingi hizo zaweza kumfikia nyanya mwenyewe. Karo ya wajukuu wawili na mbuzi mmoja wa maziwa hazina kibao barabarani. Hakuna mgeni atakayekuja kupiga picha. Lakini mtoto analala kwao.

Yakobo aliandika kwamba dini iliyo safi ni kwenda kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Angalieni, hakutaja kujenga. Alitaja kwenda na kuangalia, kazi ya miguu na macho. Mordekai hakuwa na jengo, wala hakuwa na fedha za ng'ambo. Alikuwa na mlango wa kumpokea msichana, na miguu ya kumfuata alipohama. Mlango na miguu hiyo, wapendwa, kila mmoja wetu anayo.

Tuombe.

Ee Baba wa yatima, umetupokea sisi tusiokuwa wako, ukatufanya kuwa watoto. Wewe waijua hali yetu kila siku. Utukumbushe leo mtoto mmoja tunayempita njiani. Utupe moyo wa kumpokea, na miguu isiyochoka kumtazama. Uwatie nguvu nyanya wanaolea peke yao. Uwalinde watoto walio katika nyumba za watu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.